Akiba Iliyooza

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuwahi kushika simu ya Risper Akeyo
saa saba mchana, Kondele, bati likilia kwa joto,
na ukurasa wa karo ya chuo
ukimwambia kwa siku ya nne:
Tumefunga kwa matengenezo. Rudini baadaye.

Jumatatu alisubiri.
Jumanne akarudi, Jumatano akaongeza bando.
Leo ni Alhamisi, mwisho ni saa kumi jioni,
na jirani yake wa kibanda pale Kibuye
amemlipia wake tangu juzi, kwa ukurasa huohuo.
"Omwando," akaniuliza, "hawa watu wananijua?
Wamenifungia mimi peke yangu?"

Nilianza kama tunavyoanza sote, kwa kulaumu mbali:
mitambo ya chuo, mnara wa Mamboleo,
umeme uliokatika asubuhi.
Nikazima, nikawasha.
Nikabadilisha laini.
Nikasimama mlangoni, simu juu ya kichwa,
muuza njugu akanicheka.
Tumefunga. Rudini baadaye.

Ndipo nikafungua dirisha la faragha,
lile lisilojua jana yako,
na ukurasa ukaja mzima,
kijani, kitufe cha Lipa kimekodoa jicho.

Kumbe mlango haukufungwa.
Tulikuwa tunabisha picha ya mlango,
iliyopigwa Jumatatu, ikatunzwa ndani ya simu
kwa nia njema kabisa,
usingoje sana, usile bando mara mbili.

Lakini dirisha geni halimjui mtu.
Likaomba nywila.
Risper akakaa kimya, kisha:
"Aliiweka Baba Odero, mwaka jana, akiwa amelala wodini.
Sikumuuliza. Nilijua nitamuuliza."

Tulimzika Aprili. Nilikuwa kwenye hema la pili.

Futa, nilikuwa nimeshazoea kusema. Futa yote.
Wateja kumi kwa siku nawafutia yote
na hakuna anayelia.
Safari hii nikashuka polepole kwenye mipangilio,
kidole kikitembea kama cha mtu anayechambua omena:
Historia. Nikatoa tiki.
Vidakuzi. Nikatoa tiki; humo ndimo simu inamkumbuka bado.
Nywila. Nikatoa, nikahakikisha, nikahakikisha tena.
Picha na faili za akiba.
Hiyo nikaiacha na tiki yake.

"Megabaiti mia tatu na kumi na mbili," nikamsomea.
"Za nini?"
"Za kurasa zilizokwisha kubadilika."
"Yote hayo nimeyabeba kutoka Kibuye kwa miguu?"
Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.

Nikabonyeza.
Ukurasa ukazunguka, ukazunguka,
na juu kulia, kwa herufi ndogo,
likabaki jina alilolichapa yule bwana
kwa kidole kimoja, kwa herufi kubwa zote:
KARIBU, ODERO MDOGO.

Saa tisa na robo risiti ikaingia.
Akaacha shilingi hamsini, akakataa chenji,
akafika hadi kwa muuza njugu,
akarudi.

"Hebu nionyeshe tena," akasema,
"kile kisanduku tulichokiacha."