Jumamosi bila Mvuke

Tampere, Februari. Ziwa limefunga mdomo.
Mdogo wangu Meeri kaketi ngazini, nje ya sauna,
koti juu ya koti,
nami nimetoka na taulo, jasho likinigandia kwenye nyusi,
kumuuliza nililokwisha kumuuliza mara tatu:
"Huingii?"
Haingii.

Utotoni tuliingia uchi kama vijiko,
bibi akimwaga maji juu ya mawe, mawe yakifoka,
na hakuna aliyemtazama mwenziwe.
Mlango huu hauna hata kufuli, husukumwa tu.
Lakini yeye anahesabu:
bawaba mbili, kitasa kimoja,
hatua nne hadi vilipo viatu.

Ilikuwa Oktoba, nyumbani kwa rafiki.
Jina la mtu yule siliandiki;
nafasi aliyojitwalia inatosha.
"Nyinyi wa huku na huku," alimwambia,
"hamkatai kitu."
Naye alikuwa amekataa. Mara mbili, kwa sauti,
kisha akaganda.

Watu wanauliza kwa nini hakupiga kelele.
Waje walitazame ziwa.
Nani aliwahi kulihoji?
Na si kweli kwamba lilinyamaza:
barafu hulia usiku kucha, hupasuka, huguta,
ila sisi huwa tumelala.

Polisi aliandika vizuri mpaka alipofika kwa Riikka.
"Riikka ni nani?"
"Mpenzi wangu wa zamani."
Kalamu ikasimama.
"Lakini huyu unayemshtaki ni mwanaume."
Ndiyo. Huyu ni mwanaume.
Na kwenye kikundi cha Jumanne, penye chai na viti vya duara,
mwanamke mmoja, mwenye jeraha lake mwenyewe,
akamshika bega bila kuomba:
"Ungebaki na wanawake, mpenzi, yasingekukuta."
Jumanne iliyofuata Meeri hakwenda.

Nami, dada mtu, mwalimu wa hesabu,
nilisema nini?
Nilikuwa nakata mkate, sikuinua hata macho.
Nikasema: "Labda sasa utajua unataka nini."

Neno hilo limo humu bado, mwiba wa samaki.
Kila mwaka ninasimama mbele ya watoto wa watu
nikichora mlinganyo wa kipeo cha pili:
majibu mawili, nasema, na yote mawili sahihi,
atakayeandika moja nitamkata alama.
Kumbe ubaoni tu.

Meeri alinijibu siku ya tisa, kwa simu, saa kumi alfajiri:
"Alichoniharibia ni usingizi.
Kupenda nilikuja nako."

Basi nimejifunza kidogo, tena kwa kuchelewa.
Kumwambia niko nyuma yako kabla sijapita nyuma yake.
Kutupa sabuni ya machungwa, bila kudai sababu.
Kuuliza, "Nikushike?" na kulipokea "hapana"
kama mtu anayepokea chenji,
bila kununa.
Sitamwambia mficha uchi hazai.
Kuna methali zinazokukamata mkono kwa nguvu,
naye amekwisha kukamatwa.

Leo ameomba mlango uachwe wazi.
Nimeuacha. Mvuke wote umetoka, umekwenda zake juu ya theluji;
baba angekuwa hai angefoka
kwamba tunapasha moto Ufini nzima.
Nimemletea ndoo ya maji ya vuguvugu.
Ametumbukiza miguu. Tumekaa.
Kahawa imepoa, tumeinywa hivyo hivyo.

Halafu, akiitazama ndoo, amesema
kuna mtu pale maktaba,
anarudisha vitabu vikiwa na tiketi za tramu ndani,
anacheka kama anayepiga chafya.
"Nimempenda kidogo," amesema. "Yeye hajui."

Yeye.
Lugha yetu ina neno hilo moja tu,
halisemi wa kike, halisemi wa kiume.
Swali lilinifika kwenye ulimi.
Nikalimeza pamoja na kahawa,
nikamwongezea maji ya moto.