Mtungi Mmoja wa Maji

Mtungi umefika shilingi thelathini wiki hii,
na Chengo wa mkokoteni hakopeshi mtu,
kwa hiyo nilipoumimina wote kwenye karai la kufulia
jirani alichungulia: "Mama Swabra, leo wafua nini?"
Nikamwambia, nafua hofu.

Kisa chenyewe ni feri.
Jumanne, tukivuka kwenda Likoni kwa shangazi yao,
Swabra aligoma kukanyaga ule ulimi wa chuma.
"Msumari mdogo vile ulizama ndooni.
Hili lichuma lote, mama, litasalimika vipi?"
Watu wakatupita na vikapu, mwenye baiskeli akafyonza,
nami jibu sina.
Nikambeba, miaka sita, mzito kama gunia la mbatata,
nikavuka nimefumba jicho moja.

Basi Jumamosi: sakafuni, ghorofa ya tatu, Majengo,
Swabra, mdogo wake Mbwana,
na Kadzo wa mlango wa pili
aliyetumwa kiberiti akasahau kurudi.
Nikachora mstari wa mkaa pale maji yalipokomea.
"Kabla ya kutia, sema. Kitazama au kitaelea?"

Kijiko: kitazama. Kikazama.
Kizibo cha plastiki: kitaelea. Kikaelea.
Kiazi, Kadzo aliapa kitaelea kwa kuwa ni chakula.
Kikaenda chini bila hata kuaga.
Chungwa likaogelea kwa maringo;
tukalimenya, tukalirudisha, likazama.
"Kumbe nguo zake ndizo zilizomshika!"
Nilitaka tulirudie jaribio hilo,
lakini Mbwana alikuwa ameshakula ushahidi.

Kisha Swabra akauona mstari, umemezwa.
Nani kaongeza maji?
Wakashukiana, karibu wapigane.
Nikawakalisha kitandani bega kwa bega,
nikajipenyeza katikati na makalio yangu yote.
"Mmefanyaje?"
"Tumesogea."
"Na mimi je?"
"Tunakusukuma! Umetubana!"
Ndivyo yalivyo maji, nikasema.
Ukiyaingilia yatakupisha, ila yatakusukuma.
Ukitaka yakubebe, yasogeze mengi,
mpaka uzito wao ulingane na wako.

Palikuwa na unga wa mahamri, umeshakandwa.
Donge moja, chubwi! Chini.
Donge lile lile nikalipaka mafuta,
nikalifinya likawa bakuli, kuta nyembamba, tumbo wazi,
nikaliweka juu ya maji kama mtu anayelaza mtoto.
Likakaa.
Swabra hakusema kitu. Akaanza kupakia mbaazi,
moja moja, midomo ikihesabu.
Ya kumi na tisa ikalaza chombo ubavu.
Akakiopoa, akakipanua, akarudia.
Ishirini na sita.

"Kwa hiyo feri ni tumbo."
"Tumbo kubwa, limejaa hewa," nikajibu kwa sauti ya mwalimu,
mimi niliyefeli sayansi Kidato cha Pili.

Yai tulilitia kwenye bilauri, maana chumvi ingeharibu maji ya watu.
Vijiko vitano, ukikoroga polepole,
nalo likainuka kama aliyeitwa jina usingizini.
Kadzo akarudi nyuma hatua mbili. "Lina jini?"
Lina chumvi chini yake, mwanangu.
Ndipo akakumbuka kiberiti.

Maji hayakumwagwa. Yalifua sare mbili,
yakapiga deki, yaliyobaki yakaenda chooni.

Jumanne nyingine, feri ikashusha ulimi.
Swabra akasimama akiutazama ubavu wake,
pale rangi inapoanza kulowa,
kama anayeutafuta mstari wangu wa mkaa.
Lori likaingia. Lori jingine. Tuktuk tatu.
"Mbaazi," akanong'ona.
Akapanda kwa miguu yake.

Anajua sasa. Hata hivyo
hakuniachia kidole mpaka ng'ambo,
nami, tusidanganyane, nilikuwa nimekishika chake.