Kilomita Sita Bila Kutoka Chumbani

Miaka kumi na tisa natengeneza nyaya za tramu mjini Łódź,
juu ya ngazi ya gari, glavu za mpira hadi viwikoni,
na nyumbani sheria yangu ilikuwa moja tu:
tundu la ukutani haliguswi.
Jagna alipokuwa na miaka miwili nilimpiga kibao mkononi,
kwa sababu ya kijiko na soketi.
Alilia. Mimi nililia bafuni, bomba nimelifungulia.

Sasa kila Jumanne na Ijumaa
namvalisha kaptura mwenyewe,
namweka kitini mwenyewe,
na Bi Halszka anambandika umeme.

Vibandiko sita kila mguu.
Baridi kama pua ya mbwa, asema Jagna,
lakini ubaridi huo anausema kwa kumbukumbu:
tangu kigari cha theluji kilipoukuta ule mti
habari za chini ya kitovu hazimfikii.

Mimi ni fundi. Waya ukikatika, naunga.
Nilimwambia hivyo daktari, usiku ule wa kwanza,
koleo bado ziko mfukoni mwa koti.
Hakucheka. Alinivutia kiti.

Baiskeli yenyewe haina magurudumu, haina kengele.
Imeelekezwa dirishani: maegesho ya magari,
theluji iliyokwisha kuwa tope,
mtu anakwangua kioo kwa kadi ya benki.
Bi Halszka anazungusha kitufe polepole, miliampea kwa miliampea,
nami nahesabu naye kimoyomoyo,
maana namba hizi nazijua, nimezika rafiki kwa ajili yake.

Halafu nyama ya paja inashtuka,
kama samaki chini ya barafu.
Inatulia.
Inashtuka tena, na mguu unasukuma,
na wa pili unaupokea,
na pedali, ile pedali iliyokuwa kimya kama meza, inazunguka.

"Baba, ninaendesha mimi au unaendesha umeme?"

Nilifungua mdomo. Sikuwa na kitu ndani.
Bi Halszka akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye skrini:
"Umeme unabisha hodi tu. Anayefungua ni msuli, na msuli ni wako."
Jagna akafikiri mizunguko kama ishirini hivi.
"Basi nina misuli yenye adabu," akasema.

Kwenye mashine ya pili yuko Tymek wa Pabianice, miaka sita,
anayelia kila mara, si kwa maumivu, kwa kuchoshwa.
Mama yake anamsomea orodha ya bei za dukani
kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.
Siagi! Siagi imepanda! Tymek anacheka, kamasi na yote.

Hakuna aliyeniahidi kwamba atatembea.
Nayaandika haya nisije nikajidanganya.
Kilichoko ni utepe wa fundi cherehani:
paja la kulia, sentimita moja na nusu kuliko Oktoba.
Kilichoko ni mfupa, ambao usipopewa kazi
hulegea kama mkate ndani ya maziwa.
Kilichoko ni usiku, miguu hairuki tena shukani saa tisa,
na nyayo zina joto. Nimezishika. Joto lake mwenyewe.

Mji wetu jina lake maana yake ni mashua,
na bahari iko mbali, kaskazini kabisa.
Jagna amebandika ramani juu ya kitanda.
Kila kikao kilomita sita, kila kikao mstari wa penseli nyekundu.
Jana ilikuwa kikao cha kumi.
Nilikuwa nambandua, nafuta gundi kwa kitambaa cha uvuguvugu,
mapajani miraba myekundu kama stempu,
akaniuliza, uso umeiva, jasho juu ya mdomo:

"Baba, tumefika Kutno na giza limeingia.
Umetafuta pa kulala?"