Kidaka cha Saba

Wamenilipa niandike historia ya kampuni,
kurasa arobaini, karatasi ya kung'aa.
"Anza na nyumba," waliniambia. "Watu hupenda nyumba."
Basi nikaja Lamu, mtaa wa Mkomani,
nikapanda ngazi za matumbawe zilizolika katikati
mpaka ndani kabisa, penye ukuta wa zidaka.

Bi Mwanate Shee hakuwa na sefu.
Alikuwa na ukuta.
Kila mwanamke na kidaka chake,
ndani ya kidaka bakuli la kaure,
chini ya bakuli pesa, zimefungwa kwenye kitambaa:
za hija, za arusi, za sanda,
za siku mume akibadilika.
Hakutoa risiti. Kulikuwa na daftari
la mistari ya buluu, kwa hati za Kiarabu,
na neno lake, lililokuwa zito kuliko daftari.
Alishirikiana na muuza mabati, wakagawana faida.
Riba aliifukuza mlangoni kama mbwa.

Mwanawe Bunu alikuwa na miguu.
Alizibeba zile pesa hadi Malindi,
chumba kimoja juu ya kiwanda cha barafu,
sakafu baridi, kibao kipya:
KIDAKA NA WANAWE,
naye hajaoa.

Kisha Mombasa, jengo lenye lifti.
Kisha Dubai. Kisha London, kisha Singapuri,
ambako asubuhi hufika ofisini kabla ya kwetu.
Amana ikawa mfuko, mfuko ukazaa mifuko,
hisa, hati fungani, vipande vya viwanja vya ndege,
na wenye pesa sasa ni walimu wastaafu
wa nchi ambazo Mwanate hakujua baridi yake.
Trilioni.
Nilizihesabu sifuri kwa kidole, kumi na mbili,
nikakosea, nikaanza tena.

Nembo yao ni kidaka. Kitupu.

Ukurasa wa kumi na tisa wa daftari
majina yote yamepigwa mstari, yamelipwa,
ila moja:
Zuena binti Kale, shilingi sabini, kidaka cha saba.
Na pembeni, kwa wino uliofifia:
*Asema, n'takuya kuzitwaa.*

Nikapiga simu makao makuu.
"Iweke kwenye kitabu," wakasema. "Inagusa."
Na kumlipa?
"Hiyo ni idara nyingine."

Mjukuu wake nilimpata Malindi, Kisumu Ndogo,
Swabir, fundi wa friji,
amechutama nyuma ya moja iliyokataa kuganda.
Zamani alilima mikorosho ng'ambo ya mto.
Kampuni ilikuja na ramani, akasema,
na ramani haikuwa na mikorosho.
Barua anayo bado, kwenye mfuko wa nailoni.
Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na chungu,
waliotia mtaji:
wa tano katika orodha, Hazina ya Nne ya Kidaka.

Nilikaa juu ya ndoo, nikapiga hesabu.
Shilingi sabini za bibi, zilizozaa zikazaliwa,
ni sehemu ya sehemu ya sehemu,
labda upana wa unyayo mmoja.
Lakini zilikuwamo.
Kitambaa cha Zuena kilinunua ardhi
alipokuwa amesimama mjukuu wake.

Je, nilimwambia?
Inategemea nani anasoma rasimu hii.
Nilimwambia habari za daftari, hilo naapa.
Akafuta mikono kwa tambara.
"Kwa hiyo sabini za bibi zipo?"
Zipo.
"Hazijaliwa?"
Hazijaliwa.
Akacheka, cheko la mtu aliyesikia mzaha wa ukoo,
"Basi Mwanate alikuwa mkweli,"
akarudi kichwa ndani ya friji.

Kijitabu kimetoka. Picha ya ukuta ni nzuri mno.
Daftari wameliulizia mara mbili, kwa makumbusho ya ghorofani.
Nawajibu kwamba nalitafuta.
Liko hapa, mezani, ukurasa wa kumi na tisa,
na kalamu, na rula.
Mstari sijauchora.