Imegeuka?

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso,
baba anauliza: "Kabange, imegeuka?"
kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa wa nyumba ya pili.
"Bado, Tata."
Anakoroga chai. Nje vumbi jekundu la Katuba
limeshaamka kabla yetu.

Nilimweleza mara moja tu, na alielewa upesi
kuliko mwalimu wangu kule Kasapa.
Sumaku ndogo, nikasema, kisahani cha kobalti;
ukivipanga elfu mbili bega kwa bega
vinatoshea upana wa unywele mmoja.
Kila kimoja kina mshale. Juu ni moja, chini ni sifuri.
Hapo ndipo mashine inapoweka kumbukumbu.
Joto linausukuma mshale usiku na mchana,
unatetemeka, unainama, unarudi.
Unainama. Unarudi.
Katikati ya juu na chini pana mlima,
na joto la kawaida halina miguu ya kuupanda
ila siku moja, isiyo na tarehe.

"Kama malimbikizo yangu," akasema baba.
Miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuru la shaba,
na bahasha haijafika.

Kungoja siwezi.
Kompyuta yangu inakata sekunde vipande trilioni,
inatembea kipande kwa kipande,
na nikiiacha ingoje kwa uaminifu
vitukuu vyangu watarithi feni inayonguruma.
Kwa hiyo nimeweka vizingiti mlimani.
Mshale ukigusa cha kwanza, nasimamisha dunia,
nanakili kila kitu kilivyo,
kisha natuma nakala mia kutoka pale pale,
kila moja na mtikisiko wake.
Tisini na saba zinarudi nyumbani.
Tatu zinagusa kizingiti cha pili.
Nazishika hizo tatu, naanza tena.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Si hapa.
Hapa haba mara haba ni haba zaidi,
na uhaba huo ndio ninaoutafuta,
nauandika kwa sifuri nyingi baada ya nukta
hadi macho yanauma.

Pacha wangu, Kyungu, yuko Kolwezi.
Anachimba kwa koleo kitu kile kile
ninachokikokotoa kwa namba.
Mara ya mwisho alipopiga simu alicheka:
"Wewe kobalti yako haina uzito!"
Kisha mtandao ukakatika.
Hiyo ilikuwa Machi.
Sijamwekea kizingiti chochote. Sijui ningeanzia wapi.

Juzi umeme ulikatika saa nane usiku,
mtaa mzima ukawa kaniki.
Nilikaa gizani na harufu ya makala yaliyozimika,
nikisikia betri ikilia kama kifaranga, halafu kimya.
Uliporudi, vizingiti vilikuwepo, vimehifadhiwa,
kila mshale ulipoachwa.
Nilimwambia baba, nikitaraji afurahi.
"Sisi hatukuwa na hivyo," akasema. "Moto ukizimika
shaba inagandia ndani, mnaanza kubomoa."

Leo, kabla ya kengele ya misa ya kwanza,
nakala moja ilipita kizingiti cha mwisho.
Nilirudisha picha nyuma, nikaitazama polepole:
haigeuki yote kwa pamoja, kumbe.
Doa moja la buluu kwenye ukingo mwekundu,
likafifia, likarudi, likafifia,
halafu likaacha kurudi
na ukuta ukapita kisahani kizima
kwa muda usiotosha hata kuitwa muda.

Baba alikuwa mlangoni, taulo begani.
Sikumngoja aulize.
"Imegeuka, Tata."
Hakupiga makofi. Alikuja karibu na kioo,
akakunja macho.
"Ilianzia wapi?"
"Hapa. Kona ya kushoto, chini. Pana kasoro,
ukingo umelika kidogo."
Akaweka kidole pale, kidole chenye kovu la tanuru,
akakiacha.
"Bamba la shaba nalo hupasukia hapo," akasema,
akaenda kununua mkate.