Kiambatisho cha Nne

Fomu ya nyumba za kodi nafuu ina kurasa sita.
Nimeijaza mara mbili;
ya kwanza ililoa mafuta ya mahamri.

Karani Ngowa, mtu mpole, kalamu sikioni,
hanitazami mimi, aitazama orodha.
Nakala ya kipande: ipo.
Barua ya chifu: ipo, na chai ya chifu nimeshailipa.
Picha mbili: zipo, ingawa ya pili nimefumba macho.
Risiti za kodi, miezi kumi na miwili.
Hapo ndipo tulipokwama, mimi na serikali.

Bwana Shee hatoi risiti.
Kalamu haijui; anaijua chaki.
Kila mwezi ukiandama huja Maweni na kanzu yake ya kijivu,
hupokea, huhesabu, hutia mate kidoleni, huhesabu tena,
kisha huurudisha mlango wangu
na nyuma yake huchora mstari.
Nikimpa nusu, huchora nusu.
Miaka minane yangu imo pale,
mirefu na mifupi, kama meno ya kitana kikuukuu.

"Bila ushahidi kwamba unapanga," akasema Ngowa,
"siwezi kukuombea mahali pa kupanga."
Nikamwambia: ushahidi ninao,
tatizo ni bawaba.

Jumanne nikaazima bisibisi kwa fundi wa redio.
Nikamlipa kijana wa mkokoteni shilingi mia,
mlango ukalala chali, nikaufunika leso
mvua isije ikausoma kabla ya kaunti.
Tukapita sokoni. Watu wakauliza:
Mwanahalima, wahama?
Nikajibu: Naomba.

Foleni ilinipisha.
Nani atamsukuma mtu mwenye mlango?
Tukauegemeza kwenye kabati la mafaili,
Ngowa akavaa miwani, akahesabu, midomo ikimcheza.
Tisini, na nusu sita.
Akaandika. Kisha akaugeuza.

Sikuwaza kwamba angeugeuza.
Upande wa nje ni wa watoto wangu,
vimo vyao kwa kaa la jikoni, kila Idi.
Zuhra amelipita komeo, Twalib yu nyuma yake,
na Fumo ana alama mbili tu,
zote chini.

"Hapa naona watatu. Kwenye fomu umeandika wawili."
Akashusha sauti, kama mtu ampaye jirani chumvi usiku:
"Watoto watatu, Mama, ni vyumba viwili.
Wawili ni kimoja."
Kalamu ikangoja juu ya karatasi.
Kisha akainama, akaziangalia zile alama za chini.
"Huyu, mbona hakui?"

Feni ilizunguka.
Nyuma yangu mtu alikohoa, akaacha.
Nikasema: Andika wawili.

Hakuuliza tena. Akapiga muhuri,
kwenye fomu, halafu kwenye mlango, kona ya juu,
wino wa zambarau: UMEPOKELEWA.
"Ni kiambatisho cha nne. Utabaki ofisini
mpaka kamati ikae."
Kamati itakaa lini?
"Ikikaa."

Nambari yangu ni mia tatu na saba.
Usiku huu kwangu kuna kizingiti na miimo miwili,
katikati nimetundika ile leso.
Upepo unaingia bila hodi.
Dama wa chumba cha pili amekuja na bakuli la mchuzi,
akainua mkono agonge, akakosa pa kugonga,
ngumi ikabaki hewani kama ya mtoto anayejua jibu.
Akacheka. Nikacheka mimi pia, mpaka mchuzi ukamwagika.

Kabla hajalala Zuhra aliniuliza
Idi hii watapimwa wapi,
na Fumo je, amelala kule peke yake?
Nikamvuta shuka.

Keshokutwa mwezi unaandama.
Bwana Shee atakuja na chaki mfukoni.