Safu ya Tisa

Mezani kwangu, chumba namba kumi na nne,
jalada la waridi limefungwa kwa uzi:
Mpango Kabambe wa Manispaa, nakala ya mwisho.
Sahihi yangu inatakiwa kabla ya Ijumaa;
madiwani wanaketi, soda zimeshaagizwa.

Fomu ina safu nane.
Kelele. Vumbi. Taka. Ajira.
Unajaza: ndogo, ya kati, kubwa,
unapuliza wino, unakwenda kunywa chai.

Miaka sita nimezijaza.
Sheli ya pale Majengo: athari ndogo.
Kiwanda cha matofali: ndogo.
Pa kuoshea magari, maji machafu
ndoo chache tu, alisema mwenyewe: ndogo.
Upanuzi wa barabara, miti kumi na tisa: ndogo,
itapandwa mingine.
Ilipandwa. Mbuzi walishukuru.
Hakuna hata moja niliyodanganya.
Leo nimezitandaza sakafuni, zimefika mlangoni.

Na jana nilishuka Kiwera na buti za mpira,
kijito ambacho kwenye ramani yetu
kimetuna kama mshipa wa shingo.
Nilivuka bila kulowa.

Ng'ambo nikamkuta Ndekirwa, mlinzi wa mfongo,
jembe begani, zamu za maji kichwani:
Jumatatu ukoo wa juu, Jumanne wa chini,
asiyekuja kuzibua, faini yake debe la mbege.
Akazitazama buti zangu, kavu.
"Umekuja kupima?"
"Nimekuja kupima."
"Haba na haba," akasema, "shuleni mlituimbisha
hujaza kibaba. Hamkutuambia
kibaba kikitoboka
huvuja vilevile, haba na haba."
Hakungoja jibu. Kuna mtu zamu yake ilikuwa inapita.

Pale ambapo mpango unasema *stendi ndogo na maegesho*
wapima wamesimika bikoni, zege na rangi nyekundu,
na ubavuni mwake mtu amepanda sale.
Kwetu sale hupelekwa kwa uliyemkosea.
Nilisimama muda mrefu, nisijue
nani pale anamwomba nani radhi.

Sasa ni saa tisa na nusu.
Kurasa mia mbili na arobaini nimezisoma,
nikitafuta mahali panapouliza
si stendi itafanya nini, si sheli itafanya nini,
bali sisi, kwa pamoja, kwa mhuri mmoja,
tutafanya nini.
Hapakuwapo. Nikachukua rula.
Nimechora safu ya tisa, imepinda kidogo,
haina jina, nimeanza kuandika ndani yake
ndogo, na ndogo, na ndogo, na ndogo,
kalamu imekwaruza karatasi mpaka ya chini.

Mama Aikande amechungulia, mhuri mkononi.
"Hujasaini tu?"
"Bado, mama. Najumlisha."